Chupa ya Arobaini na Saba

Bibi Chupa alikuwa kwenye suuzo la tatu, lile la maji ya mvuke uliopozwa, wakati Miwani alipoingia bila kubisha wala kuamkia, akaketi juu ya ndoo iliyopinduliwa kama mtu aliyefika msibani. Haikuwa kawaida yake. Siku zote yule bwana hakuvuka kizingiti cha chumba cha kuoshea kabla hajapokea maneno mawili ya kumchoma, naye akarudisha moja na nusu.

"Mume wangu," bibi alisema bila kugeuka, "ndoo hiyo ina ufa. Itakubana mahali ambapo madaktari wa humu hawapatibu."

Miwani hakucheka. Ndipo bibi alipofunga bomba.

Hawakuwa na udugu wowote. Yeye alikuwa mwosha vyombo vya maabara, mjane wa miaka sitini na sita, ambaye shule aliiacha darasa la saba. Miwani alikuwa karani wa ghorofa ya pili, mwanamume wa miaka arobaini na kitu, baba wa watu, aliyevaa vioo vinene kama makalio ya chupa. Walianza kutaniana siku ya kwanza walipokutana, miaka tisa nyuma, na hakuna aliyekumbuka nani alimchokoza mwenzake. Watu wa maabara walikwishazoea kumsikia bibi akimwita mume, na yeye akimwita mke wangu mkorofi.

"Leo ni siku yangu ya mwisho kukukera," alisema sasa. "Au ya mwisho kasoro moja."

Bibi aliiweka chupa yake kwenye wavu, mdomo chini, akajifuta mikono kwa aproni, akavuta kigoda.

Ili kuelewa alichosimuliwa, ni lazima kwanza ijulikane kazi iliyokuwa ikifanyika juu ya kichwa chake, kwa daktari mkuu. Bibi aliijua vizuri kuliko baadhi ya wenye makoti meupe. Ndani ya kila kiumbe mna seli, vyumba vidogo visivyoonekana kwa macho, na ndani ya kila seli mna jeni, ambazo ni maagizo: fanya hivi, acha vile, jenga hapa, bomoa pale. Watu wanaochunguza jeni wako kila pembe ya dunia, na kila mmoja huandika kwa namna yake. Huyu akigundua jeni fulani anaandika kuwa inasafisha seli. Yule anaandika kuwa inavunja takataka. Wa tatu, mwenye mbwembwe, anaandika kuwa inarejesha malighafi. Wote wamesema jambo moja, lakini kompyuta, ambayo haina hata chembe ya busara, inahesabu kazi tatu. Basi daktari alikuwa akitengeneza orodha. Kila kazi ya jeni ingepewa jina moja tu, kila jina lingepewa sentensi moja ya kulieleza, na kila mtu angelazimika kulitumia hilo hilo. Kazi ya Miwani ilikuwa kusoma ripoti, jeni moja baada ya nyingine, na kuipachika kila jeni chini ya jina lake.

Na bibi naye alikuwa na kiti katika shughuli hiyo. Alikipata kwa sababu ya vitambaa.

Zamani, watu wa maabara walikuwa wakiandika neno moja juu ya trei zake: safi. Ugomvi haukuisha. Mmoja alichukua chupa safi akaweka vijidudu vyake, vikafa vyote kwa mabaki ya asidi. Mwingine alichukua chupa safi akapanda seli zake, zikaota ukungu. Kila mmoja alishuka ghorofani kumfokea mwosha vyombo. Bibi aliwasikiliza wiki mbili, kisha akanunua kitambaa cha kijani, cheupe na chekundu, akavikata vipande. Cheupe: imeoshwa kwa sabuni, inafaa kwa macho. Kijani: imesuuzwa mara tatu, haina dawa. Chekundu: imepikwa kwenye jungu la mvuke, haina kiumbe hai. Neno "safi" akalifuta kwenye kila trei kwa kidole chenye mate. Aliyeuliza kwa nini aliambiwa akaulize nyumbani kwake kama nguo safi, maji safi na roho safi hufuliwa kwenye beseni moja.

Daktari alishuka siku hiyo kuvitazama vitambaa. Alivitazama kwa muda mrefu. Wiki iliyofuata alitangaza kanuni iliyowafanya wasomi wake wakohoe: hakuna neno litakaloingia kwenye orodha kabla sentensi yake haijasomwa mbele ya Bibi Chupa, naye akaieleza upya kwa maneno yake mwenyewe. Akishindwa, kosa ni la sentensi. Akiweza, anachora alama yake pembeni.

Alama yake ilikuwa chupa ndogo, ya wino wa buluu, yenye shingo iliyopinda kidogo kushoto.

Kila Alhamisi saa kumi alasiri alivua aproni, akapanda. Alikuwa amekwisha kuyakataa maneno kumi na moja. Moja alilikataa kwa kuwa, alisema, walikuwa wamemweleza ufagio kuwa ni kitu chenye tabia ya ufagio. Mwenye sentensi hiyo alikuwa na shahada tatu. Hakumwamkia bibi kwa mwezi mzima, halafu akaja kumwomba amsikilizie nyingine.

Sasa Miwani akasimulia. Taasisi ndugu, wanaotumia orodha ile ile, wameandika barua. Wamelinganisha vitabu viwili, chao na cha hapa, na kuna mahali vinagombana: chini ya jina "kifo cha seli", kitabu cha hapa kina jeni mia tatu na kumi na mbili ambazo kwao hazimo kabisa. Mtu anayetafuta dawa akilifungua jina hilo atapewa jeni za kweli na za uongo katika kapu moja, na anaweza kupoteza miaka. Mgeni wao amekuja kwa ajili hiyo na yuko juu tangu asubuhi. Daktari ameitazama ile sentensi, akaona iko sawa, kwa sababu ilipita kwa bibi. Kama sentensi iko sawa, basi aliyekosea ni aliyepachika. Yeye Miwani ameambiwa aandike barua ya kujieleza, na wiki ijayo asije.

"Nimeisoma sentensi hiyo mpaka macho yamechoka," Miwani alisema. "Mimi naona nilipachika inavyosema. Labda kweli sina akili. Hebu isikilize, bibi, wewe ndiye uliyeielewa."

Akatoa karatasi mfukoni, akasoma: mchakato ambao seli hukoma kuwa hai kutokana na mabadiliko yanayotokea ndani yake.

Bibi alisikiliza hadi mwisho. Akaomba asomewe tena. Kisha akaomba karatasi. Ilikuwa nakala ya ukurasa wa orodha, na pembeni ya namba arobaini na saba palikuwa na chupa ndogo, shingo imepinda kushoto.

Hakuelewa hata neno moja. Au tuseme aliyaelewa maneno yote, na yalipokusanyika pamoja hayakumwonyesha kitu. Kilikuwa kimefanya nini hicho kiseli? Kimeuawa, kimezeeka, kimechoka? Ndani yake kulibadilika nini? Hata mtu aliyepigwa gogo kichwani, mwishoni kitakachommaliza ni mabadiliko ya ndani.

Ndipo akaikumbuka siku yenyewe, na masikio yakawaka moto.

Ilikuwa Alhamisi ya kwanza baada ya bandeji kuondolewa. Kwa miaka mitatu macho yake yalikuwa yakififia, mtoto wa jicho, kwanza la kulia kisha la kushoto, naye alikuwa akificha. Aliosha kwa vidole na kwa sauti, akiigonga kila chupa kwa ukucha na kusikiliza kama ina ufa. Lakini mtu hawezi kugonga kila kitu duniani. Alivunja vikombe vinne kwa mwezi mmoja, kisha chombo kirefu cha bei mbaya, na msimamizi wa stoo akaandika kuwa mama huyu apumzishwe. Daktari hakumpumzisha. Alimpakia kwenye gari lake mwenyewe, akampeleka hospitali, akakaa naye kwenye benchi saa tano akisoma makaratasi yake, na alipoulizwa na muuguzi yeye ni nani wa mgonjwa alijibu kuwa ni binti yake. Alirudi naye kwa jicho la pili. Hakulitaja jambo hilo tena.

Basi Alhamisi ile bibi alipanda ghorofani akiwa na macho mapya, akaketi kwenye kiti chake, na kwa mara ya kwanza baada ya miaka mitatu akamwona daktari. Sio kivuli chenye koti. Uso. Aliona kuwa nywele za pembeni zimekuwa mvi, na hakuna aliyekuwa amemwambia. Aliona mikunjo miwili kati ya nyusi, na kovu dogo kidevuni, na jinsi mtu huyo alivyochoka. Daktari alisoma sentensi. Bibi alikuwa akimtazama. Alipoulizwa kama ameelewa alisema ameelewa kabisa, na alipotakiwa aieleze upya aliirudisha neno kwa neno, kama kasuku, maana masikio yake ya kusikiliza ufa wa vioo yalikamata kila kitu hata akili ikiwa safarini. Kanuni ilisema kwa maneno yake mwenyewe. Lakini daktari alikuwa na mkutano, na siku hiyo naye hakung'ang'ania. Chupa ikachorwa.

"Mke wangu," Miwani alisema, "mbona kimya? Hata kunitukana huwezi?"

"Nyamaza kwanza, mume wangu. Natafuta aproni yangu."

"Umeivaa."

Alikuwa ameivaa kweli. Akaivua, akaitundika. Hakumweleza kitu. Alimwambia asiandike barua yoyote mpaka arudi, na kama anataka kuwa na faida duniani, azitoe chupa za wavu wa juu na asizishike mdomoni.

Ngazi zilikuwa na vipandio ishirini na viwili. Kwenye cha kumi alisimama, akijidai kuhema. Ilikuwa rahisi kushuka. Daktari angemwona vipi? Alimpa macho, yeye akayatumia kumdanganya. Na kile kiti cha Alhamisi, ambacho alikipenda kuliko alivyowahi kukiri hata kwa binti zake, kingekwenda. Mtu wa darasa la saba akikosa uaminifu wa sikio, amebakiwa na nini cha kuwapa watu wale? Akawaza hivyo. Halafu akawaza makalio ya chupa yakiwa juu ya pua ya mtu asiye na kazi, akapanda vilivyobaki.

Mlango ulikuwa wazi. Daktari alikuwa upande mmoja wa meza, mgeni upande wa pili, mwanamume mwembamba mwenye tai, na kati yao vitabu viwili vimefunguliwa. Bibi aliamkia. Daktari alimweleza kwa upole kuwa leo si Alhamisi.

"Najua, Daktari. Nimekuja kuhusu ya arobaini na saba. Ile chupa niliyochora ni tupu."

Daktari hakuelewa. Bibi akaieleza kwa maneno mafupi, akiwa amesimama, mikono nyuma kama mwanafunzi: kwamba siku ile hakuielewa sentensi, kwamba hakuisikiliza hata kidogo, kwamba aliirudisha kama ilivyokuja. Na kwamba karani alipachika sawasawa na alivyoandikiwa, na asiyeamini amsomee mtu yeyote barabarani.

Mgeni aliuvuta ukurasa wa orodha, akaisoma tena sentensi hiyo, safari hii polepole. Akasema, akijisemea mwenyewe zaidi, kwamba ni kweli, kwa sentensi hii hata seli iliyomwagiwa maji ya moto inaingia.

Daktari hakumtazama mgeni. "Bibi," alisema, "maneno kumi na moja umeyakataa mbele ya watu wazima wanaolia. Hili ulishindwa nini kulikataa?"

"Nilikuwa nakutazama."

"Ulikuwa unanitazama nini?"

"Uso, mwanangu. Nilikuwa sijauona siku nyingi."

Daktari alishika kalamu, akaiweka. Alijishika kidevu, mahali palipo na kovu. Kisha akasema kuwa yeye pia alisikia maneno yake mwenyewe yakirudi siku ile, na alijua kanuni inasemaje, na aliacha yapite kwa kuwa ilikuwa saa kumi na moja kasoro. Na kwamba asubuhi ya leo hakumpa karani wake hata dakika moja ya kusikilizwa.

Mgeni akakohoa. Akauliza, kwa adabu, kama bibi angeweza kusomewa upya sasa hivi, maana yeye ana safari.

"Nisisomewe," bibi alisema. "Nielezwe."

Daktari akanyoosha mkono wake mezani. Alisema mtoto akiwa tumboni, mwanzoni mkono wake hauna vidole, ni bapa kama koleo la mchanga. Vidole viko ndani, lakini kati yao kumejaa seli. Siku zikifika, seli za katikati zinapokea agizo kutoka kwenye jeni zao wenyewe. Hazijaumwa, hazijapigwa. Zinajikunja, zinajigawa vipande vidogo vilivyofungwa vizuri, na seli za jirani zinavipokea na kuvila. Hakuna kinachomwagika. Hakuna uvimbe. Zinapokwisha kuondoka, vidole vimeachana.

Bibi akauliza zile za maji ya moto je. Daktari akasema hizo hupasuka. Vya ndani hutoka nje, jirani huungua, pakavimba.

Bibi aliyasuuza maneno hayo kichwani kama chupa zake. Mara ya kwanza, mara ya pili.

"Basi ni hivi," alisema. "Huyu wa kwanza ni mpangaji aliyepewa taarifa. Anafagia chumba, anafunga mizigo yake, anagawia majirani vilivyobaki, anarudisha ufunguo. Hata mlango haugongi. Huyu wa pili nyumba imemwangukia. Wote wawili hawapo tena, lakini ukiwaandika mstari mmoja, wewe ndiye wa kufukuzwa."

Mgeni mwenye tai alicheka kwanza, kisha akachukua kalamu. Ilipofika saa tisa alasiri palikuwa na majina mawili: kifo cha mpango, na kifo cha ajali, kila kimoja na sentensi yake, na katika sentensi zote mbili hapakuwa na neno "mabadiliko". Bibi aliwalazimisha waandike agizo limetoka wapi, na jirani amepatwa na nini. Mgeni alijaribu kuchomeka "kadhalika" mahali fulani. Alinyimwa.

Miwani aliitwa. Alipanda akiwa amelowa mikono hadi kwenye viwiko, akasimama mlangoni. Daktari aliinuka kwenye kiti chake, akamwomba radhi mbele ya mgeni, akamwambia kuna ripoti mia tatu na kumi na mbili za kusomwa upya na hakuna mtu mwingine anayemwamini nazo. Miwani alivua miwani, akaipangusa kwa shati lililolowa, akaivaa ikiwa chafu zaidi.

"Umevunja ngapi?" bibi alimuuliza.

"Moja tu, mke wangu. Ndogo."

Ilibaki alama. Daktari aliisogeza karatasi mpya hadi ukingo wa meza, lakini bibi alipoinyooshea mkono, yeye akaishikilia.

Alisema kanuni imeongezeka. Kuanzia leo, Bibi Chupa atasikiliza akiwa amempa mgongo, ameelekea dirishani, na hatageuka mpaka amemaliza kueleza. Uso wa daktari ataruhusiwa kuutazama kabla na baada, kadiri apendavyo. Alisema hayo kwa sauti ya kutangaza.

"Asante, mwanangu," bibi alisema.

Akageuka, akaelekea dirishani. Nyuma yake daktari akaanza kusoma, polepole, sentensi ya kwanza. Nje kulikuwa na ukuta, paa la bati la stoo, na kamba ambayo mwenyewe aliitundika asubuhi, vitambaa vyake vikikauka, vyekundu, vya kijani, vyeupe. Aliviona vyote, kila kimoja na upindo wake. Aliinua mkono wa kulia mbele ya kioo, ngozi ikiwa bado imekunjamana kwa maji, akavitanua vidole. Jua likapita katikati, mara nne. Sentensi ilikuwa imefika mwisho na chumba kilikuwa kikimngoja, lakini alikaa hivyo kidogo, akiutazama mwanga mahali ambapo hapakuwa na kitu.